Jina lililomtazama mwenyewe: kisa cha mchora maua na vioo wa Mkomani, Lamu

Nianze na ndoo. Nilipoingia kwenye ile nyumba ya Mkomani, kitu cha kwanza kuoneshwa haikua picha, ilikua ndoo ya kufulia, maji yashapoa, na juu ya maji vipande vya rangi vinaelea kama maganda ya kitunguu. Kijani cha majani, cheupe cha petali, kipande kimoja chekundu kina nusu ya herufi. Kando ya ukuta amesimama kijana wa miaka 19, mjukuu wa marehemu mchoraji, hasemi kitu. Siku ya pili yake ilikua hitima ya bibi yake, wageni watajaa nyumba nzima, akakitazama kile kioo cha maua akaona kimechakaa kwa vumbi na moshi wa udi wa miaka na miaka, akakitoa kwenye fremu, akakitia maji ya moto na sabuni, akakisugua taratibu kwa sponji upande ule uliokua mchafu zaidi. Upande ule ndio wenye rangi. Ikatoka yote.

Simlaumu na nilimwambia hivo hapo hapo mbele ya watu. Mimi ni fundi wa fremu na vioo huku Malindi, na nimeona mafundi wazima wenye mikono mizuri wakifanya jambo hilo hilo, manake hakuna anayekueleza kwamba kioo cha kuchorwa kinachorwa nyuma. Mtoto wa kike wa marehemu ndiye aliyenipigia simu, alishawahi kuletewa kazi yangu na jamaa yake, nikapanda basi la alfajiri mpaka Mokowe na boti ya kuvuka, nikijua naenda kurekebisha fremu 5 basi. Nilikaa siku 9.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo hii kazi ya kioo la sivyo kisa hakitaeleweka. Anayechora kwenye karatasi anaanza na vitu vikubwa, anga, ukuta, umbo la jani, alafu mwisho kabisa ndio anatia vile vidogo, mshipa wa jani, tone la umande. Wa kioo anaanza na umande. Anachora nyuma ya kioo na watu wataangalia mbele, kwa hivyo kitu cha mbele kabisa ndicho kinachotangulia kuchorwa, kisha mishipa, kisha rangi ya jani, kisha kivuli, na mwisho kabisa anapaka ile rangi ya nyuma inayofunika kila kitu. Akishapaka rangi ya jani hawezi kurudi kurekebisha mshipa, umekwisha kufunikwa. Na kila kitu kinageuka, kushoto kunakua kulia, na kama unataka kuandika neno lazima uliandike kinyume ili likisomwa mbele lisomeke sawa.

Tena kioo hakinywi rangi. Mbao inakunywa, karatasi inakunywa, kioo rangi inakaa tu juu yake kama kigaga juu ya kidonda. Ukitundika kitu kama hicho kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, ukuta ambao unavuta unyevu na chumvi kila kusi likivuma, baada ya miaka rangi inakua imeshikilia kwa kudra tu. Maji ya sabuni yanapenya chini yake na inatoka nzima nzima. Na rangi aliyotumia bibi huyu ilikua ya mafuta, ile ile inayopakwa mashua na majahazi, ukitazama buluu yake na wekundu wake unazijua, umeziona kwenye mato, yale macho yanayochorwa kwenye vyombo. Rangi nzuri, inafunika vizuri, lakini ikizeeka inakua kavu na kukatika kama biskuti.

Vioo vilikua 5, sasa vimebaki 4 na kimoja kitupu. Nikaomba kwanza maji ya ndoo yasimwagwe. Kila kipande nilikitoa kwa kuingiza karatasi ya plastiki chini yake ndani ya maji nikainyanyua polepole, ukikishika kwa kidole au kibanio kinakunjika na ukikikunjua kinavunjika. Vipande 43. Nikavikausha kivulini vikiwa vimelala alafu kila kimoja kwenye bahasha yake ndogo, na picha ya kila kimoja.

Kosa langu mimi liko hapa. Kioo cha pili nilikifungua mgongo kwa haraka, nikang'oa misumari nikainua plaiwudi, kumbe kwa joto la miaka yote plaiwudi ilikua imegusa rangi na kushikana nayo, ikabanduka na ncha ya jani, kipande cha ukubwa wa ukucha. Niliisikia ile sauti. Vitatu vilivyobaki nikavifungua kwa tochi na uzi wa meno, unaupitisha uzi katikati ya plaiwudi na kioo unausogeza kidogo kidogo kama unayekata sabuni, na kila mahali panapokaza unasimama unamulika kwanza. Kioo kimoja kilinichukua asubuhi nzima. Ndivyo nilivyotakiwa kufanya toka mwanzo.

Mama mwenye nyumba, yule mtoto wa marehemu aliyenipigia simu, alitaka tutie gundi pale rangi ilipoinuka. Nikamwambia mama, hapana, gundi ya dukani ikikauka inavuta, itainua na ile iliyokaa vizuri, na ikishaingia hakuna mtu atakayeweza kuitoa baadae, hata mtaalamu. Tulichofanya ni kuvilaza rangi ikiwa juu, kuvipiga picha mbele na nyuma kwa mwanga wa pembeni, alafu nikatengeneza fremu mpya zenye kina, na mbao nyembamba pembeni kuiweka plaiwudi mbali na rangi isiguse tena. Na visirudi ukuta wa nje. Ukuta wa ndani, mbali na jua.

Hayo ndiyo niliyoitiwa. Lakini siku ya tatu mama akaniletea kasha.

Ndani ya kasha kulikua na leso, na ndani ya leso karatasi 14, zote zimechorwa mimea. Mimi si mtu wa mimea lakini nimefremu picha nyingi za maua maishani na nakwambia hizi hazikua picha za kupamba ukuta. Kila mmea una tawi moja kwa ukubwa wake wa kweli, tuliweka majani mabichi juu ya karatasi yakalingana, kisha pembeni ua limepasuliwa katikati, tunda limekatwa, mbegu peke yake, jani limegeuzwa kuonesha chini. Ndivyo wanavyochora wataalamu wa mimea duniani kote, manake mchoro unaweza kuweka ua na tunda na mbegu mahali pamoja hata kama vimekuja miezi tofauti, picha ya kamera inakupa siku moja tu. Huyu bibi hakusomea popote zaidi ya chuo cha Kurani. Alifika hapo kwa kutazama.

Mgongoni mwa karatasi kuna mistari ya hesabu. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na pembeni idadi kwa korja. Wazee wa Lamu hawahitaji kuelezwa, korja ni 20, na hayo ni madaraja ya miti ya mikoko kutoka nyembamba hadi nene, ile biashara iliyokua ikipakia majahazi kwenda Arabuni, mpaka mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje. Kwa hivyo karatasi zenyewe yaelekea ni za daftari la kabla ya hapo. Umri wa karatasi sio lazima uwe umri wa mchoro, lakini inakupa pa kuanzia, na nilipomuuliza mama, "daftari hili la nani?" akasema la mjomba wake, kaka wa marehemu, alikua karani wa miti na yeye mwenyewe akienda mikokoni na wakataji.

Hapo kisa kikaanza kufunguka. Karatasi 6 kati ya 14 ni za miti ya mikokoni: mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi. Kwenye mkoko amechora ile ncha ndogo kama sindano mwishoni mwa jani, ambayo ndiyo asili ya neno la pili katika jina lake la kisayansi, Rhizophora mucronata, na ameonesha mbegu inavyoota ikiwa bado juu ya mti, ua, kisha tunda linaloanza, kisha ule mche mrefu wa kijani unaoning'inia ukisubiri kuanguka. Kwenye mchu niliona vidoti vyeupe juu ya majani nikajua ni ukungu, nikachukua brashi laini nivipanguse, namshukuru Mungu nikatia lenzi kwanza. Vimepangwa. Vimechorwa kimoja kimoja. Mchu unatoa chumvi kwenye majani yake, ukilamba utaionja, na yeye aliiona akaichora.

Lakini iliyonikosesha usingizi ni mlilana. Ua la mlilana ni rundo la nyuzi nyeupe nyingi kama brashi ya kunyolea ndevu, linafunguka usiku, popo na nondo wanalitembelea, na asubuhi nyuzi zishadondoka. Yeye amelichora limesimama zima, hakuna uzi hata mmoja ulioanguka. Sasa mwanamke wa nyumba ya mawe ya Mkomani, wa zama zile, amelionaje ua la mlilana usiku? Nikarudi kuzitazama zote sita, nikaona jambo ambalo lilikua mbele ya macho yangu siku nzima: kila tawi mwishoni limechorwa limekatwa mshazari, mkato wa panga. Hakuna hata moja linaloishia hewani vile wachoraji wengi wanavyopenda kumalizia. Alichora kile kilichokua mbele yake, na kilichokua mbele yake ni tawi lililokatwa na mtu mwingine.

Nikamuuliza mama. Akacheka, mara ya kwanza toka nifike. "Mame hakwenda mikokoni, mikoko ilimyia nyumbani." Kaka yake akirudi jioni na maji yakijaa anamletea tawi kwenye ndoo, la mlilana analileta likiwa bado kitumba hakijafunguka, na dada yake anakaa nalo kwenye kiwanda, ule uwanja wa ndani ya nyumba, na taa ya chemni baada ya isha, anasubiri. Mama alikua mtoto wa miaka kama 7 au 8, anakumbuka amelazwa kwenye mkeka karibu na ndoo na akiambiwa akiona linaanza kufunguka aite.

Maisha yake nimeyakusanya kwa mama, na kwa bi wakubwa watatu wa mtaa waliokuja hitima wakabaki kuzungumza. Alizaliwa hapo hapo, akasoma chuoni, akafunzwa na shangazi yake kupaka hina na piko maharusi, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokua kazi yake na iliyomjulisha watu, harusi za Mkomani na Langoni zilikua zikimngojea yeye. Nadhani wengi wataipita hii habari ya hina haraka na mimi nataka tusimame hapa. Hina haifutiki. Ukikosea mkononi mwa bi harusi kosa limekaa wiki mbili. Na mpakaji hina anaanza na ule mstari mwembamba wa nje na mishipa, alafu ndio anajaza. Ndio mpangilio wa kioo hasa! Mimi nimejaribu kumfundisha mtu aliyezoea kuchora karatasi kuchora nyuma ya kioo, akili inakataa, anataka kuanza na usuli. Huyu bibi mkono wake ulikua umeshazoea umande kwanza kabla hajashika kioo. Kwa hivyo anayeniambia alijifunza kwa mgeni fulani, na walikuepo waliosema hivo pale hitima, mimi namjibu atazame viganja vya maharusi wa zamani.

Vioo alianza baada ya kufiwa na mume, alipohitaji pesa ya kulea watoto watatu. Vipande vya kioo cha dirisha anavipata kwa seremala, rangi anapewa mabaki ya makopo na mafundi wa vyombo, na anachora zile karatasi zake upya kwenye kioo, tawi moja na juu yake Mashaallah kwa herufi za Kiarabu, watu wakivinunua kama zawadi ya harusi kutundika ndani. Alafu mtoto wa jicho ukamjia. Karatasi ya mwisho, ya asumini, mistari ni minene na petali zimekua kubwa kuliko asumini yoyote, na hakuna tunda wala mbegu pembeni. Baada ya hapo hakuchora.

Sasa kioo cha tatu. Nilikiweka kwenye kidaka bila kusema kitu, bi mkubwa mmoja akaingia, akasimama, akasema "kilua" na akasogeza pua. Kusogeza pua kwenye kioo! Wote watatu wakasema hivo hivo, na wakaanza kusimulia walivyokua wakivaa vilua, yale maua ya mkilua yanayonukia, wakivitia kwenye nguo kabatini, nani alikua na mkilua uani na nani akiiba.

Na mkilua una habari yake. Kitaalamu huo mmea unaitwa Mkilua fragrans. Sikukosea kuandika, jenasi nzima, yaani kundi la mimea ya karibu, inaitwa Mkilua, na ndani yake kuna aina moja tu, hiyo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1970 na Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyekua amefanya kazi miaka mingi kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya Nairobi kabla ya kwenda Kew, ile bustani ya mimea ya London, na alichofanya ni kuchukua jina ambalo watu wa pwani walikua wakilitumia siku zote. Mmea ni wa pwani ya Kenya na Tanzania. Yaani sayansi ilipolihitaji jina ililikuta limeshakuepo midomoni mwa wanawake waliokua wakilivaa ua lile, wanawake kama hawa watatu waliokaa kwenye mkeka mbele yangu. Nilipowaeleza mmoja akauliza, "Na sisi wametuandika?" Nikamjibu hapana, bi, wameandika jina la aliyelichapisha.

Nimelifikiria sana swali lake. Wakenya wengi wanamjua Joy Adamson kwa sababu ya simba Elsa, wachache wanajua kwamba kabla ya simba alikua mchora mimea. Alizaliwa 1910 Troppau, mji ambao leo ni Opava huko Ucheki, akafika Kenya 1937, na mume wake wa pili, Peter Bally, alikua mtaalamu wa mimea kwenye makumbusho ya Nairobi na ndiye aliyemsukuma kuchora. Mwaka 1947 jumuiya ya kilimo cha bustani ya Uingereza ikampa nishani ya dhahabu kwa michoro yake, na michoro yenyewe ipo mpaka leo kwenye makumbusho yetu ya taifa. Alistahili, mkono ule ulikua mzuri sana. Lakini nikiweka mkoko wa bibi huyu mbele yangu sioni upungufu wa jicho wala wa subira. Naona upungufu wa kabati. Mmoja mchoro wake ulipokauka uliingia kwenye droo ya makumbusho ukaandikwa nambari, mwingine wake uliingia kwenye leso.

Na mtu asiniambie bibi huyu alikua hajulikani. Alijulikana nyumba hadi nyumba, mama alinihesabia kwa vidole harusi zilizopokea vioo vyake. Kusahaulika kulikuja baadae, nyumba zilipouzwa, vioo vikapakiwa na fenicha, mabiharusi wakafa.

Jambo la mirathi lilikua zito na nitalipitia kwa haraka manake si langu. Watoto ni 3, wa kiume 2 na huyu mama. Vioo 5 kwa sheria vilikua vikigawanyika vizuri kabisa, wa kiume wawili wawili na yeye kimoja, mpaka kimoja kilipoingia ndooni. Tena kulikua na mnunuzi aliyeshatoa bei ya vioo peke yake, karatasi hataki, na kaka mmoja alikua na shida ya kweli ya pesa. Pendekezo langu lilikua moja tu, kabla ya lolote zote 14 na vioo vyote vipigwe picha pamoja na vipimo na majina ya mimea kama bi wakubwa walivyoyataja, na kila mtoto apate nakala, ili vikitawanyika bado vijuane. Wakakubali. Karatasi wakaziacha bila kugawa, zikae kwenye kasha kwa mama, tumezitia kati ya karatasi zisizo na asidi na kasha limeinuliwa kutoka sakafuni.

Usiku wa mwisho nilikua nakikausha kile kioo kitupu. Nilikua nimekisahau, hakina kitu. Nikakiinua kwenye taa nione kama kina ufa, na pembeni chini, kwenye ule ukanda mwembamba ambao mdomo wa fremu ulikua umeukinga na unyevu miaka yote, kuna rangi bado imeshika. Herufi za Kiarabu, ndogo, nyekundu. Ukitazama mbele ya kioo zimegeuka, hazisomeki. Ukitazama nyuma, upande aliochorea, zinasomeka sawa sawa, ni jina lake na la babake.

Nikaenda kutazama vile 4 vingine. Vyote vinalo, kona ile ile, chini ya mdomo wa fremu.

Mwanzo mtu angesema alikosea, alisahau kugeuza. Haiwezekani. Mashaallah iliyo juu ya kila kioo ameigeuza bila kutetereka hata nukta moja, na hiyo ni kazi ngumu kuliko jina. Alijua kugeuza. Jina hakuligeuza, aliliandika limtazame yeye mwenyewe aliyekaa nyuma ya kioo, kisha akaliweka pale fremu itakapolifunika. Mtu akinunua ananunua ua na Mashaallah. Jina lilibaki upande wa mchoraji.

Familia imeniomba nisilitaje na sitalitaja.

Asubuhi walipokaa kugawa, mama akawaambia kaka zake wachukue vioo 4 vyenye maua, wawili wawili, yeye anataka kile kitupu na zile bahasha 43. Ami yao mmoja alidhani anajitolea kwa huzuni, akaanza kumsihi. Akasema, "La, ami, ndicho nikitakacho." Akanigeukia akaniuliza kama fremu inaweza kutengenezwa kinyume, upande wa rangi utazame nje, na mdomo uwe mwembamba usiifunike ile kona. Nikamwambia inawezekana, tutaweka kioo cha pili mbele kuikinga. Yule kijana ndiye aliyepiga msasa mbao.